Tannenzäpfle: kachupa kadogo ka Msitu Mweusi, na ugomvi wangu na povu

Tuanze na ugomvi. Siku yangu ya pili Freiburg, kusini kabisa mwa Ujerumani, mdogo wangu anayesoma pale akanipeleka baa moja ya mtaani kwao, jina naliacha. Nimechoka, nina kiu ile ya kweli, nikamwambia niagizie pilsner ya hapa hapa kwenu, sitaki zile za kwenye ndege. Nikasubiri. Jamaa wa kaunta akamimina kidogo, akaiacha glasi pale, akaenda kuhudumia watu wengine, akarudi akaongeza kidogo, akaiacha tena, afu akaanza kufuta meza, mi namwangalia tu nikijua kabisa kanisahau. Mwishoni ikaja. Glasi nyembamba yenye mguu, na juu povu limesimama vidole vitatu kama theluji ya Kibo asubuhi.

Sasa sisi wengine tumekulia Moshi, tunajua bia inavyomiminwa. Glasi inainamishwa, bia inashuka taratibu ukutani, ikijaa povu ujue baamedi ama ni mgeni wa kazi ama ana jambo na wewe, na mtu mzima anaomba apewe chupa amimine mwenyewe. Povu ni hewa, hewa hailipiwi. Nikamwambia mdogo wangu mwambie jamaa ajazie. Akagoma. "Kaka acha bwana, tutachekwa." Nikamwambia we tafsiri tu, hela ni yangu. Yaani nilitokwa povu kwa ajili ya povu, mtu mzima na familia yangu. Jamaa wala hakukasirika, akaigeuza glasi akanionyesha kamstari kembamba kamechorwa kwenye kioo, pembeni kameandikwa 0,3 l, na bia imefika palepale kwenye mstari, povu lote liko juu yake. Nimepunjwa sifuri. Nikanyamaza nikanywa.

Nikakunja sura. Chungu bana! Na sio kwamba imeharibika, hapana, ni uchungu wa makusudi, mtu kakaa akaupanga. Mwanzoni unapata utamu kidogo kama wa mkate uliotoka kuokwa, unameza, unadhani mambo yameisha, ndo uchungu unapanda toka nyuma ya ulimi na unakaa hapo umekunja nne. Nikamaliza kwa heshima ya hela yangu. Kulipa nako ikawa kesi nyingine maana kadi hawapokei, noti tu, na mimi nilikuwa nimejiandaa kwa Ulaya ya kugusisha kadi kila mahali. Mdogo wangu akalipa, akanicheka njia nzima mpaka nikakanyaga kamfereji ka maji. Freiburg mjini wana vimifereji vya maji safi vinapita pembeni ya barabara, wanaviita Bächle, na wenyeji wanasema mgeni akitumbukiza mguu humo bila kukusudia ataoa mtu wa Freiburg. Mke wangu nilimwambia kwenye simu usiku ule ule, afadhali asikie kwangu.

Haya, bia yenyewe. Kiwanda kinaitwa Rothaus, kiko juu milimani kwenye Msitu Mweusi, na hiyo pilsner yao ikiwekwa kwenye kachupa kadogo ka mililita 330 ndo inaitwa Tannenzäpfle. Ukishindwa kutamka usijali, we sema "tsepfle" tu utaletewa. Tannenzapfen ni yale matunda makavu yenye magamba ya miti ya jamii ya msonobari, na ile "-le" ya mwisho ni lahaja ya huko, inafanya kazi sawasawa na "ka-" yetu ya kachupa na katoto. Kwa hiyo ukiagiza Zäpfle unaagiza kakitu, kwa mapenzi, na kweli watu wa kule wanakaongelea kama mtoto wa nyumbani. Ujazo huo mdogo ulianza mwaka 1956, na ile ya nusu lita inaitwa tu Rothaus Pils (pils ni kifupi cha pilsner), bia ni ile ile.

Lebo ndo ilinivuta kabla ya ladha. Kuna binti wa nywele za rangi ya dhahabu, kavaa nguo za asili za huko, kashika glasi mbili za bia zenye povu (tena hilo povu), anacheka kama anakujua, pembeni yake hayo matunda ya mti yananing'inia, na shingoni chupa imevishwa karatasi ya dhahabu. Watu wamempa jina, Birgit Kraft. Mdogo wangu ilibidi anifafanulie mara mbili: kwa lafudhi ya huko "Bier git Kraft" ni "bia inaleta nguvu", wameliminya likawa jina la dada. Utani wa aina hii hata vijiweni kwetu ungepita. Na kuna mwingine wa watu wa misitu, kwamba mti wa Tanne matunda yake husimama wima juu ya tawi na hupukutika huko huko juu, ya kwenye lebo yamening'inia, kwa hiyo hayo ni ya mti mwingine kabisa unaoitwa Fichte. Bia ina jina la mti huu na picha ya mti ule, na miaka yote hiyo hakuna aliyekufa.

Aliyenipa somo la kuinywa ni mzee mwenye nyumba wa mdogo wangu, mstaafu, anaishi ghorofa ya chini, kila jioni anakaa barazani na kachupa kake. Alisikia habari za ugomvi wangu baa akacheka mpaka akakohoa. Akatuita. Akachukua glasi, akaisuuza na maji baridi, hakuikausha, akasema kupitia kwa mdogo wangu kwamba glasi yenye mafuta, hata ya midomo tu, inaua povu. Akamimina katikati ya glasi bila woga, povu likapanda, akaacha. Likashuka kidogo, akaongeza. Akaacha. Akaongeza ya mwisho ya kuvalisha kofia. Wenyewe wana msemo kwamba pils nzuri inataka dakika saba kumiminwa, ila mzee alisema saba ni ushamba wa zamani, gesi yote inakimbia, tatu zinatosha. Na povu kumbe lina kazi, linafunika bia hewa isiichezee, linabana ile harufu ya hopsi, yale maua machungu yanayotiwa kwenye bia, ikae ndani ya glasi, na gesi iliyozidi inatokea hapo badala ya kutokea tumboni kwako. Nikamwuliza na sisi kwetu ukiingia baa unaulizwa kwanza "ya moto au ya baridi?", yeye anakunywa ipi? Akasema nyuzi saba, nane hivi. Yaani ya baridi lakini sio ile yetu ya baridi inayotoka na barafu mgongoni, maana ikiwa barafu ulimi unakufa ganzi na hausikii kitu, na nikikumbuka bia kadhaa nilizonywa maishani naona ndo ilikuwa nia.

Ile ya tatu kwa mzee ndo ilinifungua. Nilikuwa natafuta huu uchungu nimeshaukuta wapi, maana sio mgeni kabisa kichwani, afu nikaukumbuka. Msesewe! Wasioujua: bibi yangu alikuwa anapika mbege, ndizi mbivu zinachemshwa weee mpaka zinabadilika rangi, pembeni kuna kimea cha ulezi, na ndani ya kinywaji kinatiwa gome la mti unaoitwa msesewe, chungu balaa, ili kukata ule utamu wa ndizi. Msesewe ukiwa kidogo wazee wanapiga funda moja, wanarudisha kata, wanauliza leo mmepika uji? Sa hopsi kwa hawa watu ndo msesewe. Ni maua ya mmea unaotambaa, ya Rothaus yanatoka Tettnang na Hallertau, huko huko kusini mwa Ujerumani, na kazi yake ni ile ile ya gome la bibi, kuuzuia utamu wa nafaka usiwe wa kitoto. Nikamweleza mzee habari za mbege, mdogo wangu akawa anatafsiri huku anaongeza ya kwake naona, mzee akauliza kama bia hiyo nayo ina povu. Nikamwambia ina zaidi ya povu, ina makapi ya ulezi, unakunywa na kutafuna. Akafikiri kidogo akasema hiyo ni supu.

Bia nyingi za kiwandani za kwetu huwa zinachanganywa na mahindi au sukari, ndo maana zinakuwa nyepesi mdomoni, zinateremka bila kubisha hodi. Sisemi ni mbaya, jua la saa nane Dar na bia kama Jever (nilijaribu na hiyo, ya kaskazini kule Friesland, hiyo ni chungu mara mbili, ukimaliza unahisi umetafuna jani) ni mateso. Ila wenzetu wana sheria ya bia ya tangu 1516 kule Bavaria, maji, shayiri na hopsi basi, chachu hata haikutajwa, na kuanzia 1906 ikasambaa nchi nzima. Na pilsner yenyewe hata sio ya Wajerumani kiasili, ilianzia mji wa Plzeň, Ucheki ya leo, mwaka 1842, japo aliyeipika, Josef Groll, alikuwa Mbavaria kaitwa kwenda kusaidia. Sasa jaribu kuwaambia hilo mezani, kila mtu ana maoni.

Kingine kilichonishangaza ni mwenye mali. Hii bia ni ya serikali. Ilianzishwa 1791 na watawa wa monasteri ya St. Blasien, mwaka 1806 mali za monasteri zikachukuliwa na utawala wa Baden, na mpaka leo mmiliki ni jimbo la Baden-Württemberg asilimia mia, kampuni inaitwa kabisa Badische Staatsbrauerei, kiwanda cha bia cha dola. Wazee wetu ukiwaambia bia ya serikali wanaanza kukumbuka foleni. Hii wala, ipo kila duka, baridi, na faida inaingia hazina ya jimbo. Mdogo wangu anasema akinywa Zäpfle anachangia chuo anachosomea. Nimemwambia aendelee kuchangia kwa kiasi.

Mjini vijana wanainywea Augustinerplatz, ni kauwanja ka mawe kenye mteremko katikati ya mji wa zamani, jioni watu wanakaa chini kwenye ngazi na mawe ambayo bado yana joto la jua, kila mmoja na chupa yake, gitaa mbili tatu, hakuna kaunta hakuna mhudumu. Kunywa hadharani sio kosa kule. Kuna nguzo ya taa imewekwa pale inabadilika rangi, mapema usiku ni kijani, saa zikienda inakwenda nyekundu kuwakumbusha watu wapunguze kelele majirani walale, na niliona watu kweli wanapunguza, sio wote. Nilinunua zangu kwenye kaduka ka karibu, euro mbili na kitu moja, ghali ukilinganisha na supermaketi ambako nilipata kwa kama euro moja na senti kidogo. Opena hatuna. Kijana wa pembeni akachukua zile chupa, akazifungua na kiberiti cha gesi, tak, tak, hata hakuangalia. Kwetu kuna watu wanafungua kwa meno nikaamua kutoonyesha. Na hapo ndo nikaona kitu cha ajabu, hakuna mwenye glasi. Watu mia wanakunywa kwenye chupa! Nikamwuliza mdogo wangu sasa ile semina yote ya povu ilikuwa ya nini? Akasema Zäpfle ni ya chupa, kila mtu anajua, mzee ni mzee tu. Nimejaribu zote mbili kwa uchunguzi wa kina: kwenye chupa uchungu unakuwa mkali zaidi na gesi inakugonga puani, kwenye glasi harufu inatoka, kama majani yaliyotoka kukatwa na kwa mbali asali. Mi nimehamia upande wa mzee.

Kilevi chake ni asilimia 5.1. Kwa waliozoea Safari yenye 5.5 utaona ndogo, na udogo wa chupa unakudanganya zaidi, unaona kama unakunywa soda. Nilikunywa sita. Asubuhi yake sio kwamba niliumwa sana ila Freiburg saa nne asubuhi hakuna supu, hakuna ndizi, hakuna cha kutolea loki, kuna mkate wa mbegu na jibini. Niliokolewa na soseji pale sokoni mbele ya kanisa kuu, Münster, lenye mnara wa mita 116. Soseji inaitwa Lange Rote, ndefu nyekundu, sentimita 35, imetoka pande zote za mkate kama mtu aliyelala kitanda cha mtoto, unaulizwa na vitunguu au bila. Weka vitunguu.

Jumamosi tukapanda kiwandani. Nilikuwa na Deutschlandticket, ile tiketi ya mwezi ya treni na mabasi ya kawaida nchi nzima, mwaka 2025 ilikuwa euro 58, kwa hiyo nauli sikuiwaza. Treni inatoka Freiburg, kituo kimoja cha mbele kinaitwa Himmelreich, Ufalme wa Mbinguni, na mara tu baada ya hapo inaingia bonde linaloitwa Höllental, Bonde la Jehanamu. Sitanii. Unapita mbinguni bila kushuka, unakwenda jehanamu, kwa ajili ya bia, mama yangu mzazi mwana kwaya angesema amekuwa akinionya miaka yote. Bonde lenyewe limebana, miamba huku na huku, miti myeusi kweli, treni inapanda inahema. Unapita Titisee, unapita Feldberg-Bärental ambako kituo kiko mita 967 juu ya bahari, kuna kituo kingine kinaitwa Aha, tulicheka behewa zima linatuangalia, afu ziwa Schluchsee linakaa kulia kwako mpaka Seebrugg reli inapoishia. Hapo ni basi, dakika chache tu. Kama mabasi yanapishana na treni yako utasubiri, na siku za mapumziko ni machache, angalia ratiba kabla hujaondoka, sisi tulikaa pale kituoni tukiangalia maji kama mitume.

Rothaus sio mji. Ni kiwanda, mgahawa wao, duka, na msitu, kwenye kimo cha karibu mita 1000. Kwetu kimo hicho ni Moshi mjini na kidogo, mtu anatembea na shati, kule mwezi wa tisa mchana nilivaa koti. Maji yanatoka chemchemi saba za hapo hapo mlimani, maji laini, na hilo kwa pilsner ndo roho yake, hata ile ya kwanza ya Plzeň ilifanikiwa kwa sababu maji ya kule ni laini, uchungu wa hopsi unakuja msafi haukwaruzi koo. Mtu aliyekulia chini ya Kilimanjaro hahitaji kuelezwa sana maji ya mlima yanafanya nini kwenye kinywaji.

Mgahawani nikaagiza ya bomba, nusu lita. Hapa sasa niandike taratibu. Rangi dhahabu ya wazi kabisa, unaweza kusoma gazeti ng'ambo ya glasi. Povu jeupe zito, na nilivyokuwa nakunywa lilikuwa linabakiza mduara kwenye kioo kila funda, funda sita miduara sita, kama mtu anahesabu. Ule mkate wa mwanzo upo, ila laini kuliko wa chupa, uchungu unafika umevaa vizuri, unakausha mdomo kisafi na unataka funda lingine, na lingine, na ndo nikaelewa kwa nini hawa watu wanakaa na bia moja saa nzima wakiongea, kwa sababu hata ikishuka baridi yake haiwi maji, inazidi kunukia nafaka. Bia zetu nyingi ukiziacha dakika ishirini mezani zinakuwa adhabu. Kwenye kumi, ile ya chupa naipa nane. Hii ya bomba pale kwao naipa tisa, na moja nimeibakiza kwa roho mbaya tu.

Na chakula jamani. Nilikula Schäufele, ni bega la nguruwe limetiwa chumvi na kufukizwa moshi afu linachemshwa, linakuja na saladi ya viazi. Wadau wa kitimoto mtanielewa. Sio ile yetu ya rosti na pilipili na ndizi za kuchoma, hii haina haraka, imelainika, moshi umeingia mpaka ndani, na mafuta yake ndo yanaipa ile pilsner kazi, unakula kipande, mdomo unajaa mafuta, funda moja uchungu unafagia kila kitu, unaanza upya kama hujala. Hapo ndo nilisema kumbe hii bia nilikuwa naionea, nilikuwa nainywa bila chakula chake. Pilipili hamna, usiulize. Mimi nilibeba kapakti kangu mfukoni na nikakatumia chini ya meza kama mwizi. Sahani na glasi zangu mbili hazikufika euro 30. Mdogo wangu alikunywa Radler, bia iliyochanganywa na soda ya limau, ya kiwanda hicho hicho. Sina la kusema kuhusu watu wanaofanya hivyo, ni damu yangu.

Kabla ya basi tukatembea kidogo kwenye njia yao ya msituni, Zäpfleweg, ukipita unasoma habari za bia na maji na miti. Mi nilikuwa naangalia juu tu natafuta matunda yanayosimama na yanayoning'inia. Yapo yote.

Habari ya chupa nayo niiseme maana inahusu mfuko. Kila chupa ya kawaida ya bia unalipia senti 8 za chupa yenyewe, na kopo ni 25, ukirudisha unarudishiwa. Sisi hili tumezaliwa nalo, nani hajatumwa soda kwa mangi akaambiwa acha chupa kwanza? Tofauti kwao kuna mashine, unalisha chupa moja moja, inameza, inatoa karisiti unakapeleka kwa keshia. Mtu akiwa barabarani hataki kurudi nayo haitupi, anaiweka chini pembeni ya pipa, wapo wanaopita kuokota na kupata chochote. Nikawa narudisha na chupa za yule mzee mwenye nyumba, napanga foleni pale nikiwaza kwamba hata hili neno hela tulilitoa kwao, Heller, ile sarafu ya enzi zao Tanganyika, leo niko kwao natafuta senti nane nane.

Malalamiko yangu kwa pilsner hii ni mawili tu. Moja, kachupa kanaisha. Unakaa, unamaliza salamu, kameisha. Chukua ya nusu lita kama hauko kwenye mambo ya picha. Pili, haibebiki: mbali na kwao inapatikana ila nikaikuta dukani mji mwingine imewekwa dirishani inaota jua, bia ya hopsi ukiipiga mwanga inaanza kunuka vibaya, nilinunua kwa hamu nikajuta. Itafute ya kwenye kreti, kivulini. Isiyo na kilevi nayo ipo na haina aibu, kwa wanaoendesha.

Nilibeba nne kwenye begi, nimeziviringisha kwenye fulana na soksi. Moja ilipasuka njiani, nguo zangu zote zikafika Moshi zinanukia Msitu Mweusi, mke wangu hakuona uzuri wake. Tatu nikampelekea baba kijijini. Nikaiweka moja kwenye friji, sio frizani, nikasubiri, nikatafuta glasi, nikaisuuza na maji baridi, sikuikausha, nikaanza na hotuba ya mafuta na midomo na dakika tatu. Baba akaichukua chupa mkononi akamwangalia yule binti wa kwenye lebo muda mrefu. Akaifungua. Akanywa kwenye chupa, funda refu, macho kayafumba.

Akakaa kimya. Afu akauliza, "Huko kwao msesewe wanautoa wapi?"

Mbili zilizobaki amezifungia kabatini, ufunguo anao yeye, na mama anasema zinasubiri Krismasi.